Mpiga Picha na Taa Niliyoifundisha Uongo

Alipiga watu picha kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna hata mmoja anayeonekana akitabasamu. Alipiga mbavu, nyonga, mafuvu, vidole vilivyobanwa na milango ya malori ya kahawa. Alikuwa mtu wa eksirei katika hospitali ya misheni, na kwa kuwa huku kwetu eksirei tunaiita kupigwa picha tu, sisi wa Nkwenda na majirani zake wa Nyabiyonza tulimwita Mpiga Picha. Jina lake nalijua. Silitaji, kwa sababu mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba kwenye filamu ya mfupa jina huandikwa pembeni kwa herufi ndogo, na daktari halitazami.

Mimi ni mwenye gereji. Shule niliiachia darasa la tano, nikaanza kazi na spana moja ya kuazima. Leo nina mashimo mawili ya saruji, paa la bati jipya, na mashine ya kupima kompyuta za magari. Ukanda huu wote mpaka Murongo, wa kwanza kuileta ni mimi. Sijisifu. Naeleza ili msomaji ajue kwamba mtu aliyeduwazwa na mzee huyu si mtu wa kuduwazwa na kila kitu. Nimeona injini ikitoka kwenye gari ikiwa inaunguruma. Lakini yeye aliniacha mdomo wazi mara nyingi kuliko magari yote niliyofungua.

Mara ya kwanza ilikuwa sokoni Nkwenda, kwa mnunuzi wa kahawa. Redio ilikuwa inazungumza habari za urani na umeme wa nyuklia, kama nchi yetu nayo iujaribu siku moja. Watu wakaanza. Huyu akasema migomba itakauka kutoka kwenye mzizi, yule akasema watoto watazaliwa na mikia. Mkulima mmoja, ambaye babu yake alikuja huku kutoka Burundi kutafuta kibarua, akaapa kwamba mtambo huo ukijengwa atarudi kwa babu yake. Kisha wote tukamgeukia Mpiga Picha, maana ndiye aliyekaa na mionzi kuliko mtu yeyote kati yetu. Tulitegemea atutishe vizuri.

Akasema waujenge. Hata Bugomora, jirani na shamba la shemeji yake, waujenge.

Nilidhani sikusikia. Akaeleza kwamba nyuklia ni birika. Maji yanachemka, mvuke unasukuma gurudumu, gurudumu linazaa umeme, na tofauti na birika la mke wake ni kuni tu. Yule mkulima akamuuliza, na birika likipasuka je? Mzee akamwambia hilo ndilo swali la kwanza la maana lililoulizwa tangu asubuhi.

"Mimi siogopi moto," akasema. "Namwogopa mpishi anayeunguza halafu anaficha."

Sasa sikiliza. Mtu huyu huyu, aliyekaribisha nyuklia kwa shemeji yake, alikataa mtungi wa gesi usiingie nyumbani kwake. Binti yake alimletea jiko la gesi, jipya, kutoka Bukoba. Likakaa kwenye banda la mbuzi mpaka mbuzi wakalizoea. Alisema mtungi ni bomu lenye stika. Nikamwambia, Mzee, mamilioni ya watu wanapikia gesi. Akanijibu kwamba mamilioni hawakuisoma stika. Sola aliipenda ila aliisema vibaya, kwamba ni ng'ombe anayekataa kukamuliwa jua likizama. Simu alikuwa nayo, nzuri kuliko yangu wakati ule, akisikiliza habari za nchi ambazo mimi sizijui, lakini hakuwahi kuiweka mfuko wa shati. Iliishi kwenye kikapu, kikapu kikaning'inia kwenye baiskeli.

Alikuwa na tabia ya kusimama mbali. Ukimwamkia shikamoo anaitika marahaba, kisha anarudi hatua tatu nyuma ndipo mazungumzo yaanze. Wageni walidhani ana dharau. Mimi nilimuuliza wazi kama nanuka dizeli. Akasema ndiyo, nanuka, lakini siyo sababu. Ni mazoea ya kazi. Mwanga wa mashine yake hupungua makali kadiri unavyokaa mbali, na ukikaa mbali mara mbili haupungui mara mbili, unapungua mara nne. Hesabu zangu mimi ni za mfukoni, lakini hiyo niliielewa palepale, nikashangaa kwamba mtu anaweza kuishi maisha yote kwa hesabu moja. Kanisani alikaa benchi la mwisho, mbali na spika. Harusini alikula kwenye kona isiyo na jenereta.

Na alikuwa na maneno yake ya kazini ambayo hayakustaafu pamoja naye. Akitaka kusema jambo zito alianza, "Vuta pumzi. Shikilia." Kisha anasema lake. Akimaliza anakuruhusu: "Haya, pumua." Vijiweni watu walifanya mchezo, wanavimbisha mashavu mpaka wanakohoa. Yeye hakujali. Siku ya posa ya binti yake, ukoo wa mume ukiwa umekaa na rubisi yao, pombe ya ndizi, mbele, aliwaambia hivyo hivyo, vuta pumzi, shikilia. Mshenga, mtu wa heshima sana, alishikilia kweli. Mzee akasema hataki ng'ombe wa mahari, anataka kijana amalize kwanza chuo. Wote wakapigwa na butwaa hata mzee akasahau kumwambia mshenga apumue, na macho yalianza kumtoka.

Kuna mwaka nilikaribia kupotea, na yeye ndiye aliyeniokoa. Huku Kyerwa watu wanachimba mawe ya bati, na mawe yanavuta kila aina ya mgeni. Akaja mmoja na jiwe zito ndani ya kopo, limefungwa kwenye kitambaa, akasema ni urani, imetoka mbali, anataka gari tu apate kuondokea. Nilikuwa na pikapu yangu ya kwanza. Nilishaifuta vumbi nimkabidhi. Mimi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kunitapeli hata boliti!

Mpiga Picha akaomba jiwe lilale kwake wiki moja. Mgeni akakubali kwa shingo upande. Wakati ule hospitali bado ilikuwa inatumia filamu, siyo kompyuta kama sasa. Akaenda akaomba filamu moja ndani ya bahasha yake nyeusi, akaiweka kwenye kibanda chini ya migomba, juu yake akaweka ufunguo wa mlango, juu ya ufunguo akaweka jiwe. Wiki ikaisha, akaipeleka ikaoshwe. Ikatoka tupu, angavu kama kioo. Hakuna ufunguo, hakuna chochote.

Alinieleza kwamba jiwe lenye mionzi linapiga picha lenyewe, halihitaji mtu wala mashine. Kama lingekuwa la kweli, kivuli cha ufunguo kingeonekana pale. Hili lilikuwa jiwe la kuzuia mlango. Tulipokwenda kumwambia mgeni tulikuta ameshahama nyumba ya wageni tangu siku ile ile aliposikia neno filamu. Mzee alilichukua lile jiwe akazuilia mlango kweli.

Lakini jambo alilopigana nalo kuliko yote lilikuwa kosa moja la watu wetu. Watu wa huku wanaamini kwamba picha inatibu. Wanasema, nilikuwa na kifua, nikapigwa picha, nikapona. Kulikuwa na mama mmoja mkulima aliyekuja kila mwaka kabla ya kupanda maharage, anataka apigwe mgongo, kwa sababu picha ya mwaka jana ilimshika vizuri. Mpiga Picha alimwambia picha si dawa. Mama akaenda kumshtaki kwa mganga mkuu kwamba yule mzee ana uchoyo na mwanga wake.

Aliponisimulia nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

"Unacheka nini, tajiri?" akaniuliza. Alipenda kuniita tajiri alipotaka kunichoma. "Gereji yako inaishi kwa mama yule."

Nikamwambia sielewi. Akasema, gari linakuja na taa ya njano kwenye dashibodi. Unachomeka mashine yako, mashine inakuonyesha kosa, unabonyeza, kosa linafutika, taa inazima. Mwenye gari anafurahi, anasema limepimwa, limepona. Wewe umelitibu nini?

Ilikuwa kweli, na nilishangaa kwamba mtu wa mifupa ameijua siri ya gereji ambayo hata mafundi wenzangu hawakuwahi kuitamka. Nusu ya sifa zangu zilitokana na kufuta. Nikamjibu kwamba mteja anataka taa izime, na mimi nazima. Akasema yule mama naye alitaka mwanga.

Sasa nifike kwenye gari la Deo.

Deo ni dereva wa gari dogo la abiria, la watu saba, linalotoka Nkwenda kwenda Kayanga kupitia Omurushaka. Kijana mwenye adabu, anawashusha wazee mpaka mlangoni, na Mpiga Picha na mkewe walipanda gari lake kuliko lingine lolote. Masika yaliyopita taa ya njano ya breki ikawaka. Mashine yangu ikasema tatizo liko kwenye sensa, yaani kijicho cha kuhisi mzunguko, ya gurudumu la nyuma, kushoto. Sensa hiyo huku haipo, ni ya kuagiza Mwanza, na Deo hakutaka gari lilale. Tena abiria wa siku hizi wameshazijua taa, wakiiona inawaka wanashuka. Nikafuta. Kabla hajamaliza kilima cha kwanza ikawaka tena. Nikafuta tena, ikarudi tena. Breki nilizijaribu mwenyewe, zilishika. Basi nikafungua dashibodi nikakata njia ya ile taa. Ikawa giza. Deo akanishukuru.

Siku chache baadaye Mpiga Picha akakaa kiti cha mbele. Aliposhuka alikuja moja kwa moja kwangu, akasimama hatua zake tatu, akaniambia gari la Deo lina taa iliyokufa. Nikamuuliza amejuaje. Akasema taa iliyo hai, ukifungua ufunguo, huwaka kwanza. Inasema nipo. Halafu ikiona hakuna ubaya inazima. Ile ya breki haikusema nipo.

Miaka yote ya gereji, hakuna mteja aliyewahi kuhesabu taa zinavyowaka. Hapo ndipo nilipotakiwa kuona aibu. Badala yake niliona nimechokozwa. Mimi sishindwi na mtu wa hospitali. Nilimwita Deo, nikafungua dashibodi tena, nikaichukua njia ya ile taa nikaiunganisha na taa ya chaji ya betri. Fundi mwingine hapa Kyerwa hawezi, hata leo. Ukifungua ufunguo, taa ya breki inawaka pamoja na wenzake. Injini ikishika, inazima. Safi kama gari lililoshuka bandarini jana.

Nikamwita mzee aje aone. Nilitaka asifu, ukweli ndio huo. Akamwambia Deo afungue ufunguo na kuwasha mara tatu. Akaangalia. Wafanyakazi wangu wote walikuwa wamesimama.

"Vuta pumzi. Shikilia," akasema. "Zile mbili, ya breki na ya chaji, zimezima pamoja. Mashahidi wawili wakisema neno kwa neno, wamefundishwa na mtu. Ulipoizima ulimziba shahidi mdomo. Sasa umemfundisha uongo."

Nilimwambia yeye akae na mifupa, magari ni yangu, na breki zinashika.

"Sijakuuliza kama zinashika. Nakuuliza taa ilitaka kusema nini."

"Ilitaka kusema Mjapani anapenda mapambo," nikajibu.

Vijana wa kazi waliangua kicheko. Mzee akasema, haya, pumua, akachukua baiskeli yake akaondoka. Hakupanda tena gari la Deo. Mkewe aliendelea kupanda, kwa sababu baiskeli magoti yake hayaiwezi, na alimwambia mumewe kwamba fundi mwenyewe amesema breki zinashika. Mimi na mzee hatukusemezana tangu masika mpaka kahawa zinaanuliwa.

Katikati hapo Deo alikuja mara mbili kuniambia gari linanguruma huku nyuma, kama tumbo la mwenye njaa. Nikamwambia ni matairi, yameliwa vibaya, aongeze sauti ya redio.

Msimu wa kahawa nikasikia Mpiga Picha ni mgonjwa. Damu yake imeharibika, amepelekwa hospitali kubwa, amerudishwa anatumia dawa. Mtu aliyekuokoa na jiwe huwezi kumnunia mpaka kaburini. Nikanunua sukari, nikaenda Nyabiyonza mchana kweupe.

Nilimkuta amekaa nje kando ya mkeka wa kahawa, mwembamba mpaka shingo ya shati ilimzunguka mara mbili. Nikampa shikamoo yangu. Akanipa buni za kutafuna kama desturi, kisha akafanya jambo lililonishtua kabla hajasema neno: aliniambia nisogeze kigoda. Nikasogeza. Akasema bado. Nikasogeza mpaka magoti yetu yakagusana. Kwa miaka yote tuliyojuana sikuwahi kumwona kwa karibu hivyo. Macho yake yalikuwa na rangi ya kahawa mbichi, na sikuwa nikilijua hilo.

"Vuta pumzi," akasema. "Shikilia."

Akanieleza kwamba mtu wa eksirei hupewa beji ndogo ya kuvaa kifuani. Haionyeshi jina. Inanyonya mionzi ile ile inayompata aliyeivaa, na baada ya miezi kadhaa inatumwa mbali kusomwa, ili ijulikane amepata kiasi gani. Ikisomeka juu, mtu anaondolewa kwenye mashine apumzike. Mwenzake mmoja, alipokuwa mgeni kazini, beji yake ilisomeka juu. Akapelekwa stoo ya mafaili, na huko akazeekea.

"Mimi nilikuwa mpiga picha peke yangu toka hapa mpaka mpakani," akasema. "Watu walitembea siku nzima kuja kwangu. Beji ingesema pumzika, nani angepiga? Niliiweka kwenye droo, fundi. Miaka yangu karibu yote. Ikifika siku ya kutumwa naitoa, naituma, inarudi sifuri. Walinipa cheti. Mfanyakazi mwangalifu kuliko wote. Kiko pale ukutani, umekipita mara ngapi."

Nilikuwa bado nimeshikilia pumzi bila kujua.

Daktari wa hospitali kubwa, akaendelea, alimuuliza swali moja tu la maana: kwa miaka yote hiyo umepata mionzi kiasi gani? Akafungua mafaili. Sifuri, sifuri, sifuri. Daktari akasema basi ugonjwa huu si wa kazini, tutafute kwingine. Wakatafuta kwingine miezi miwili.

"Huenda si wa kazini kweli," akasema. "Huenda ni wa kazini. Ambaye angejua nilimfungia kwenye droo."

Nilingoja aseme pumua. Hakusema. Alitazama kahawa zake. Nikamuuliza mama yuko wapi, mbona simwoni. Akasema amekwenda Kayanga kumchukulia dawa. Anarudi na Deo. Saa hizi watakuwa njiani.

Hakuniambia niende. Hakunitazama hata. Ndiyo maana nilisimama haraka kigoda kikaanguka.

Nilimpigia Deo nikiwa natembea kwenda kwenye gari langu. Nikamwambia asimame hapo alipo. Akaniuliza kama nimekunywa. Nikamwambia asimame, asilisogeze hata hatua moja. Akasema yuko juu ya mteremko, ana abiria saba, ashuke kwanza mpaka chini kwenye kivuli. Nikamwambia akishuka mteremko huo hatanijua tena. Sauti yangu nadhani ilimtisha, maana nilisikia redio ikizimwa.

Niliwakuta wamekaa ukingoni mwa barabara. Mke wa Mpiga Picha alikuwa amepakata mfuko wa dawa. Sikusalimia mtu. Nikaweka jeki nyuma, kushoto, nikanyanyua. Nikashika tairi juu na chini kwa mikono miwili, nikatikisa.

Likacheza. Siyo kidogo. Lilicheza kama jino la mtoto. Beringi ilikuwa imeliwa yote, tairi limebaki kushikwa na mazoea. Sensa haikuwa mbovu hata siku moja. Ilikuwa inaona gurudumu linayumba, inasema, nami nafuta. Inasema, nami nafuta.

Abiria walipoliona tairi linavyocheza walishika vichwa. Kisha wakaanza kunisifu. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya akasema Mungu anibariki, nimeliona nikiwa Nyabiyonza. Mzee mwingine akataka kujua kama ile mashine yangu inapima hata gari likiwa mbali. Deo alinikumbatia. Nitasema kweli: kwa muda nilizipokea sifa hizo. Hakuna aliyejua, na gereji gani ingekuwa na hadithi kama hiyo? Nilikuwa nimeshafungua mdomo kueleza kuhusu mashine. Nikakutana na macho ya mke wa Mpiga Picha, ambaye alikuwa hasifu, anangoja tu.

"Sikuona kitu, Mama," nikamwambia. "Gari lilisema tangu masika. Mimi ndiye niliyelikataza."

Deo aliniachia. Akachomoa ufunguo, akanishikisha mkononi, akaenda kukaa na abiria wake. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Nilimrudisha mama nyumbani kwa gari langu. Mpiga Picha alikuwa bado nje. Alimtazama mkewe kwanza, kuanzia miguu kwenda juu, kama anayesoma filamu. Kisha akaniuliza lilikuwa na nini.

"Beringi."

"Na sensa?"

"Nzima."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani sasa ataniambia maneno yangu ya Mjapani, nami nilikuwa tayari. Hakuyataja. Akaniuliza:

"Mengine yako wapi?"

Nilijifanya sielewi. Yeye akamwomba mkewe daftari na kalamu, akalifungua ukurasa mweupe, akaliweka kwenye goti. Mstari wa kwanza aliupiga umenyooka. Akasema, anza na la kwanza kabisa. Mimi najulikana kwa kukumbuka kila gari lililopita mikononi mwangu, rangi, namba, na jina la mwenye nalo. Nilianza kutaja. La mwalimu wa Bugomora, taa ya mifuko ya hewa ile inayofumuka gari likigonga. La mnunuzi wa ndizi, taa ya injini. La padri. Yeye anaandika, mimi nataja, nikawa nashangaa kila nikidhani nimemaliza linakuja jingine. Yalifika kumi na tisa.

Aliniambia nisizirudishe taa kabla ya kutazama kila moja ilitaka kusema nini. Nikazunguka nalo lile daftari, nyumba kwa nyumba, naeleza kwa mdomo wangu. Wengine walinifukuza. Mwalimu alicheka akasema alishajua. Kila gari nililomaliza nilimpelekea mzee, akakata mstari mwenyewe.

Tulimzika kabla ya mvua za vuli, na kwenye daftari yalikuwa yamebaki manne. Daktari mpaka mwisho hakuweza kusema ni ugonjwa wa kazini au si wa kazini. Matatu nimeyapata tangu hapo, nikakata mstari mwenyewe, haukunyooka kama wake. La mwisho liliuzwa mara mbili, likavukishwa mto Kagera kuingia Uganda, na nimekwenda huko safari tatu nisilipate. Ni jeupe, la abiria. Ukifungua ufunguo taa zote zinawaka sawasawa, injini ikishika zote zinazima pamoja, na aliye nalo, popote alipo, anaiona dashibodi safi na kumsifu fundi.